Doa Jeupe

Saa nne usiku, Upper Hill, Julai,
baridi imeingia hadi kwenye kalamu.
Chai yangu imeota utando.
Kwenye kioo: kichwa cha Syombua,
mshonaji wa sare za shule, Kayole,
kimekatwa vipande mia na sitini
bila tone la damu.

Chini kabisa, fuvu linapokaribia shingo,
ndani zaidi ya sikio la kulia, kwenye ncha ya mfupa,
doa jeupe.
Kushoto halipo.

Lemayian, mwanafunzi wangu, ameandika: Uvimbe?
Alama hiyo ya kuuliza ilishuka ngazi kabla yangu.
Ikaingia kwenye simu, ikafika Mwingi,
ikawa kundi la mchango lenye picha yake ya harusi,
ikawa fahali aliyefunguliwa kamba kwenda mnadani,
na mahali fulani njiani ikadondosha mkunjo wake,
ikabaki nukta.

Nimesoma vichwa miaka ishirini na miwili.
Najua vijishimo vya maji vinavyosindikiza mishipa,
vikajifanya kiharusi.
Najua kifuko cha katikati ya ubongo, saizi ya dengu,
ambacho mtu huenda nacho kaburini
wala hakijawahi kumdai kodi.
Najua damu ikizembea kwenye kona ya mshipa
huigiza uvimbe, na huigiza vizuri.
Hakuna aliyeumbwa kwa rula.

Basi nikafungua picha ya mwisho,
ile ambayo mashine huambiwa: zima mafuta.
Ya shavu yakazimika.
Ya nyuma ya jicho yakazimika.
Na doa likazimika nayo.
Uboho. Uboho wenye mafuta, upande mmoja tu,
kama mtu aliyeweka akiba asimwambie mwenziwe.

Nikampigia Lemayian. Akanyamaza, kisha:
"Lakini lilikuwa pale."
Lipo bado, nikamwambia. Kuwapo si kosa.

Asubuhi Syombua aliketi mbele yangu,
kidole gumba kimejaa alama za sindano.
Nikamweleza. Akaniangalia kama mtu aliyerudishiwa
kitu asichojua kiliibwa lini.
"Fahali aliuzwa jana," akasema.
Halafu: "Na kichwa, daktari? Kichwa bado kinaniuma."

Sikuwa na picha ya hilo.
Nikasogeza kiti,
nikamuuliza taa anayoshonea
iko upande gani.