Tuzo

Huku Isyonje neno lilifika kabla yangu:
Subilaga kapata tuzo.
Mama Tumpe akaja na kuku kwapani,
akauliza kikombe nitakiweka wapi,
maana kabati langu halina mlango.

Nikamwonyesha: kurasa kumi na moja, pini moja,
sahihi ya Bwana Mwakalukwa, msuluhishi,
na chini kabisa
shilingi milioni thelathini na moja na laki nne,
gharama za shauri juu yake.
Akazigeuza, akitafuta picha.

Ni bei ya viazi, nikasema.
Magunia mia nne, wala si lumbesa,
yaliyopanda Fuso la Kampuni msimu ule wa matope,
dereva akiniambia, mama, wiki ijayo.

Mkataba ulikataza kukimbilia mahakamani.
Kifungu cha kumi na tisa: wakikosana, wakae.
Basi tulikaa. Siku tatu, ukumbi wa hoteli, Mwanjelwa,
biskuti ambazo hakuna aliyezigusa,
na mzee wa miwani akitusikiliza
kama mtu anayeonja chumvi.
Nilidhani akishasema, imesemwa.

Kumbe tuzo ni kiazi cha mbegu:
kizima, kizuri, na hakiliwi.
Sharti kifukiwe kwenye udongo wa Mahakama Kuu,
kikae gizani,
kitoe macho.

Nilishuka na basi la alfajiri,
ukungu wa Uporoto ungali kwenye kope.
Masijala, dirisha la pili.
Karani akagonga muhuri, akanipa namba ya shauri;
nikaikariri kama simu ya mtoto aliye bweni.

Wakaja na pingamizi.
Kwamba msuluhishi alikunywa chai na mimi.
Ni kweli. Alikunywa na wao pia,
birika lilikuwa moja.
Kwamba jina la Kampuni nimeliandika bila nukta.
Nukta, waheshimiwa!
Wakili wangu alisimama juu ya nukta hiyo
kuanzia Mei hadi Septemba.

Tarehe ya kutajwa. Tarehe ya kutajwa.
Jaji yuko likizo. Jaji kahamishiwa Iringa.
Kuna benchi pale linalotazama Loleza;
najua saa ambayo wingu hushuka mlimani
na saa ambayo karani huenda kula.
Wazazi waliniita Subilaga, yaani tumaini.
Hawakuniambia kwamba ni kazi ya kutwa.
Nusu ya shamba nikakodisha, nimlipe wakili.

Halafu Jumanne moja, mvua ya mawe,
jaji mpya, mwanamke, akasoma uamuzi
nami nikasikia nusu yake tu kwa kelele za bati:
sababu za kuitengua hazipo.
Tuzo isajiliwe.
Itekelezwe kama hukumu ya mahakama hii.
Nikamtazama wakili wa Kampuni akifunga kalamu.
Hakukasirika.
Hilo ndilo lililonitisha.

Dalali wa mahakama alikuwa Sanga, mtu wa Makete,
koti refu, chupa ya gundi mfukoni.
Tulikuta yadi imefagiwa hadi ukutani.
Fuso lilikuwepo, lile lile,
limekaa juu ya mawe manne,
halina tairi, halina betri,
kuku analalia mayai kwenye kiti cha dereva.
Mlinzi akasema Kampuni ile haipo tena,
hii ni ndugu yake.

Sanga hakujibu. Akabandika hati kwenye kioo,
akailaza kwa kiganja, taratibu,
kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.
Kisha akaanza kuandika orodha:
gari moja, bovu.
Usukani mmoja.
Na kuku? nikauliza.
Akafikiri.
Kuku mmoja, mayai sita, mwenyewe hajulikani.

Mama Tumpe bado anauliza habari za kikombe.
Namwambia kinakuja vipande vipande.
Jana kimefika kioo.