Kabrasha la 1970

Ofisi ya ardhi, Mpwapwa. Umeme umerudi saa nne.
Ndahani ana picha elfu tisa za hati,
zimelundikana usoni pa kompyuta
kama mtama kabla haujapepetwa:
skani1, skani1b, skani1b_mpya,
skani1b_mpya_hii_ndiyo.

Anaandika mistari kumi na mmoja.
Soma tarehe ya faili. Fungua kabrasha la mwaka wake. Hamisha.
Anabonyeza, anainua kikombe cha chai;
kabla hakijafika mdomoni, uso mweupe.

2009. 2014. 2021.
Na 1970?

Anacheka peke yake. Betri ya saa ilikufa,
na mashine isiyojua siku
hurudi ilikoanzia kuhesabu.
Ndani mna faili moja tu:
kiwanja cha Bi Mbeleje, Ving'hawe.

Alasiri anakuja mwenyewe, kufuatilia.
Anaonyeshwa kioo. Anasogea, anakisoma kwa kidole.
"Nani kawaambia?
Mwaka huo ndio tuling'oa migunga pale,
tukasimamisha tembe."

Ndahani alikwisha kushika kipanya, asahihishe.
Anakiachia.
Chai imepoa, ina utando.