Mengineyo

Miaka kumi na mitano niliketi nyuma yake kidogo,
upande wa dirisha linalotazama reli,
nikiandika aliyoyasema Mheshimiwa Nkwabi Kasele,
diwani wa kata ambayo vumbi lake
huingia mpaka kwenye chumvi.

Alianza na baiskeli. Nisimpunje.
Foniksi nyeusi, kengele bubu, madumu mawili ya asali ya msituni.
Kampeni ya kwanza hakuwa na spika;
alisimama kisimani akiwashikia akina mama kamba,
akasema, "Ahadi sina. Nina mikono."
Na mikono tukaiona: zahanati ikaezekwa,
kitanda cha kujifungulia kikaja kwa treni
kimeviringishwa magunia kama bibi harusi,
yeye mwenyewe akashika miguu ya nyuma
kutoka stesheni hadi Isevya, jua la saa saba.
Hiyo ipo. Faili la bluu, ukurasa wa tisa.

Kisha baiskeli ikazaa pikipiki,
pikipiki ikapata kaka mwenye milango minne,
na kalavati likajengwa
mtaa usio na mto wala mfereji,
mbele ya nyumba ya shemeji yake Malongo.
Maji hayajawahi kupita pale. Hupita bata.
Barua zikafika manispaa zikiuliza:
milioni kumi na nane, kwa bata wangapi?
Akajibu barazani, nami nikanukuu neno kwa neno:
"Maendeleo hutangulia mvua."
Meya alicheka hadi akavua miwani.
Hicho sikukiandika. Kicheko hakina kifungu.

Mikopo ya vikundi nayo:
majina ishirini, matatu ya marehemu,
na marehemu mmoja alikuwa ametia saini.
Niliandika.

Halafu ukaja uwanja wa watoto, ule wa Mtakuja,
ukawa ghala la tumbaku, ukuta na geti na mbwa.
Mji mzima ukasema Nkwabi kauza.
Sokoni muuza nyanya alimkatalia hela yake:
"Nenda ukalipe kwa bata."
Kura za maoni akapata kumi na moja,
na nyumbani kwake wapiga kura ni kumi na watatu.

Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi inayokausha midomo,
akaja dirishani kwangu kwa miguu,
foleni kama wote, shati limepigwa pasi upande mmoja.
Akaomba muhtasari wa tarehe kumi na nne Agosti.

Nilijua anachotafuta.
Siku ile mikono yote ilinyooka, ukasalia mmoja.
Alisimama, akasema jino lake la kwanza
liko chini ya goli la kusini,
na kwamba mtu hauzi mahali alipoachia jino.
Mkurugenzi akaniangalia juu ya makaratasi.
Hakusema kitu. Nilikuwa na watoto wawili bweni.
Nikaandika: *Wajumbe wote waliafiki.*

Akasoma kwa kidole, akarudia.
"Bi Nyamizi,
maovu yangu umeyaandika kwa mwandiko mzuri kabisa.
Hili moja lilikukosea nini?"

Sikuwa na jibu, nilikuwa na faili.
Nikamfungulia kikao kilichofuata:
*Muhtasari ulisomwa. Ukathibitishwa.
Mtoa hoja: Mhe. N. Kasele.*
Posho ilikuwa imechelewa siku hiyo;
alinyoosha mkono huku kidole gumba
kikibonyeza simu chini ya meza.

Alilitazama jina lake
kama mtu anayetazama kovu asilokumbuka lilitoka wapi.
Lori la tumbaku likapita, vioo vikatetemeka.
Akataka nakala. Shilingi mia mbili.
Akaweka sarafu juu ya mbao, akauliza,
yeye, wa watu wote,
"Risiti ipo?"

Nikamwandikia. Jina, tarehe, kiasi.
Penye *Malipo ya* kalamu ilisimama kitambo.
Nyuma yake foleni ilianza kuguna.
Nikaandika: mengineyo.