Kushuka Kaskazini

Saa nane na robo usiku, Februari, simu ililia.
Drusilla Pynn, miaka themanini na mmoja,
sauti kavu kama kuni za msonobari:
"Eldred ameshuka kwa dada yake tangu saa moja.
Dada mtu hajamwona."

Ameshuka.

Shivani Raghunath, mpokea simu za dharura,
mzaliwa wa Brampton, wiki yake ya tatu Newfoundland,
aliitazama ramani kama alivyofunzwa darasa la pili:
kaskazini ni juu, kusini ni chini,
na anayeshuka huelekea ukingo wa chini wa karatasi.
Akatuma gari la wagonjwa kusini.

Dereva Garland alikwenda kilomita kumi na moja,
theluji ikikipiga kioo kama mchele unaopepetwa,
ndipo akauliza redioni, kwa upole
wa mtu anayemwonea mwenzake aibu mapema:
"Bibi alitamkaje? Amepanda, au ameshuka?"
"Ameshuka."
Kimya. Kisha breki.
"Binti, huku kwetu kushuka ni kwenda kaskazini."

Nani angejua?
Husemwa kwamba mababu zao walikuja kwa matanga,
na upepo wa pwani ile, siku nyingi, hutoka kusini-magharibi.
Aliyekwenda nao aliteremka.
Aliyerudi aliukwea kama ngazi.
Matanga yalioza, injini zikaja, lami ikaja,
ila neno halikupewa taarifa.

Drusilla hakukosea. Ramani nayo haikukosea.
Mmoja alisoma karatasi,
mwingine alisoma shavu lake mwenyewe.

Walimkuta Eldred ndani ya kibanda cha kuni,
hatua mia mbili tu kabla ya mlango wa dada yake,
pikipiki ya theluji imelala ubavu mtaroni,
buti moja imejaa maji yaliyoanza kuwa mawe.
Dakika thelathini na nane zilipotea.
Zilikuwa na bei: vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Jumapili Shivani alimpelekea machungwa hospitalini.
Mzee akafunua blanketi kama muuza duka.
Kwa Kiingereza, kushoto na kubaki huvaa neno moja,
naye hakuiacha nafasi hiyo ipite:
"Vitatu vimebaki," alisema, "na vyote vya kushoto,"
neno lile lile mara mbili, akacheka
hadi mrija wa dripu ukatikisika.

Na upande wa pili, kwao, ni haki, ni sahihi, ni sawasawa.
Mimi ninayeandika haya, lugha yangu
imeupa upande huo mkono wa chakula,
na kwa herufi zile zile ikaupa machozi.
Shivani alilia. Hakuwa na upande.

Tangu hapo ana daftari dogo kando ya simu.
Aliyeingia ndani hayumo nyumbani, yuko msituni.
Aliyetoka nje yuko kwenye mdomo wa ghuba.
Ng'ambo ni popote, mradi usivuke peke yako.
Na wakikuuliza uko wapi
huongeza "hadi" mwishoni mwa swali,
kana kwamba kila aliyesimama bado yuko safarini.
Hilo alilipigia mstari mara mbili. Hakuandika maana.

Drusilla hupiga simu siku hizi bila dharura,
kusema theluji imefika dirishani,
kusema Eldred ameshuka tena, mkaidi yule,
kisha hunyamaza kidogo, huongeza:
"Kaskazini, mpenzi. Kaskazini."

Mwezi Mei mama alipiga kutoka Brampton.
"Unakuja lini?"
"Nitapanda Juni, wiki ya pili."
"Utapanda? Kuja huku?" Mama aliguna. Karatasi zilichakaa,
bila shaka alikuwa akiifungua ramani ya gari.
"Shivani. Sisi tuko chini yenu."