Nafasi ya Wilf

Hatukwenda kutazama ngoma.
Tulikuwa na mikate ya mayai, ramani iliyochanika kwenye mkunjo,
na ahadi niliyompa Tamsin tangu wakati wa theluji
kwamba ataona farasi aliyechorwa kwa chokaa mlimani.
Ilikuwa siku ndefu kuliko zote za mwaka,
siku ambayo jua la Uingereza, mdaiwa sugu,
hulipa deni lake lote kwa mkupuo.

Kijijini Thrupley barabara ilikuwa imefungwa kwa kamba.
Mzee mwenye koti la njano akatuinamia dirishani, bila haraka:
"Subirini. Wanacheza."
Gareth akazima injini, akagongagonga usukani kwa kidole.
Alikuwa na hasira yake ile ndogo, ya kila Jumapili.

Nilisikia njuga kwanza.
Kisha nikawaona: wanaume watano mbele ya baa,
mashati meupe, vitambi vimetangulia,
njuga zimekazwa chini ya magoti,
leso mbili kwa kila mmoja, moja kila mkono,
zikirushwa juu kama njiwa wavivu
wanaorudi kabla hawajafika popote.

Nilicheka. Nakiri.
Fundi bomba, mwalimu wa jiografia, mwenye duka la rangi,
wanaruka, chachacha,
wanatua kwa uzito juu ya lami,
na bibi mmoja, Hester, amekumbatia kodiani
inayohema kifuani pake kama ng'ombe aliyeshiba.

Tamsin hakucheka. Yeye huhesabu kila kitu.
"Mama, huku watatu, huku wawili."
Kweli. Katika safu ya pili, katikati,
palikuwa na pengo la upana wa mabega ya mtu.
Hawakuliziba.
Walipovuka, waliliachia njia.
Walipozunguka, walilizunguka.
Na yule aliyetazamana nalo
alirusha leso hewani, akangoja pigo moja,
akainamisha kichwa
kama mtu aliyejibiwa.

Muziki ulipokatika nilimsogelea Hester.
Nikauliza, kwa sauti ya chini, kama mwenzao anaumwa,
au amechelewa.
Akafuta jasho kwa kiwiko.
"Hapo ni pa Wilf. Tangu Februari.
Mwakani tutamweka kijana wa mwoka mikate.
Mwaka huu bado anacheza yeye.
Na bado anakosea hatua, juha yule."
Akanigeuzia mgongo, akatafuta kwenye kodiani yake
kitufe ambacho hakikuwa kimepotea.

Farasi? Ndiyo, tulimwona, saa moja jioni,
mweupe, mbali, mguu mmoja umefichwa na kondoo.
Tamsin alimtazama labda dakika mbili.
Kisha akamsimamisha baba yake hapa, mimi pale,
akaacha nafasi moja kwenye nyasi,
akatugawia karatasi za kufutia mikono, mbili mbili.

Gareth hajacheza tangu harusi yetu,
na hata siku ile nilimsikia akihesabu.
Alitazama kushoto. Alitazama kulia.
Hapakuwa na mtu ila kondoo.
Akaruka.

Funguo za gari zikalia mfukoni mwake.

"Tena," alisema Tamsin,
na jua lilikuwa limesimama pale pale,
halina haraka, halina pa kwenda.