Jina Ndani ya Kola

Bi Gitla hakuwa na imani na tarakimu.
Mteja akija kupimwa, inchi alizitia kichwani,
daftarini akaandika jina tu: la mtu, la babake.
"Namba ni ya ng'ombe," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea.
"Andika jina, Kibicho."
Nami nikalishona ndani ya kola, kwa uzi mwekundu,
hata la mpishi wa Kileleshwa aliyeleta shati moja kutiwa kiraka.

Mikono mirefu daima, hata Januari na jua lake.
Siku pasi ilipomchoma ndipo alipokunja,
nikaona: tarakimu tano, buluu iliyofifia
kama mhuri juu ya nyama ya buchani.
Nikatazama cherehani. Hakuushusha mkono.

Hakusimulia kwa mfuatano.
Leo kipande, mwezi ujao kipande.
Bendzin, mji wa makaa ya mawe.
Walianza na mabenchi ya bustani, kisha duka la baba,
kisha nyota ya manjano, na yeye ndiye aliyeishona
kwenye koti la mamake, mishono midogo midogo,
maana mama hakupenda kazi ya ovyo.
Kisha kiwanda: akashona sare za wale waliowahesabu.
Cherehani ilimlinda. Haikumlinda Hinda, mdogo wake,
ambaye hakujua kutunga uzi sindanoni.
"Ningemfundisha," alisema, mara moja tu.
Halafu akaomba chaki.

Agosti, treni. Kidole ndani ya glavu:
mama kushoto, yeye kulia.
Nilimuuliza moshi ulinuka vipi. Nilikuwa kijana, na mjinga.
Akaimwagia maji pasi ya makaa,
tukafunga duka saa nane mchana.

Theluji sikuijua. Akanipandisha darini
asubuhi moja isiyo na wingu, akanyosha kidole
mpaka Kirinyaga: "Ile.
Tulitembea ndani ya ile, kwa viatu vya mbao.
Aliyekaa chini hakuinuka."
Nyumba ya Mungu wa babu zangu.
Sikupata la kujibu.

Lango lilipofunguliwa alikuwa na kilo thelathini na moja.
Akaandika barua. Majibu yakarudi yamepigwa taipu:
hajulikani aliko, hajulikani aliko.
Jina moja tu ndilo lililoitika,
binamu wa babake, muuza vifungo,
Bazaar Street, mtaa mnaouita Biashara.

Aprili ya hamsini na nne malori yakaja alfajiri.
Walikuwa na mbwa.
Nilimwona akiingia chini ya meza ya kukatia,
magoti kidevuni, macho hayapo Nairobi.
Hakunificha. Niliwahi kumkasirikia kwa hilo;
sasa nimezeeka.
Nilitoka mwenyewe, nikaurudisha mlango polepole,
mikono juu.

Siku ya nne, Lang'ata, nyuma ya senyenge,
nikamwona. Hatua thelathini, hakuweza kusogea zaidi,
mkate kwapani, sketi ikitetemeka pasipo upepo.
Sisi humo ndani tulikuwa namba.
Akavuta pumzi, akaita:
"Kibicho wa Gathogo!"
Askari wakacheka. Akaita tena,
na tena, mpaka sauti ikamkauka.
Mkate sikuupata.

Amelala Forest Road. Kwao hawapeleki maua,
huweka kijiwe. Mimi huweka kifungo,
na mvua za Novemba huvichukua.
Mchongaji aliniuliza tarehe ya kuzaliwa.
Jina kwanza, nikamwambia. Na chini yake
la mama, Fajga, na la Hinda,
wasio na kaburi popote.
Akalalamika: jiwe ni dogo, mzee.
Basi punguza herufi, nikasema. Zitatosha.