Usikaze Bado

Ekseli tuliinunua kwa Pugh, nje ya Río Mayo,
ikiwa imelala miaka tisa nyuma ya banda lake,
chini ya Ford iliyokufa, kuku wakitagia kando ya difu.
Alitaka kondoo wawili. Tukampa mmoja na ngozi nne,
na Fermín, kaka yangu, akamwongezea kofia yake ya kampuni ya mafuta
kana kwamba hataihitaji tena.
Sikuuliza.

Gari ni la baba: Estanciera, rangi ya krimu
pale ambapo upepo haujailamba hadi chuma.
Ekseli ya mbele ilikatika mtoni mwezi wa Juni,
baba akiwa ndani, maji magotini.
Alirudi nyumbani kwa miguu, kilomita kumi na moja,
akasema tu, "Amechoka."
Hatukujua anamsema nani.

Tukaliinua. Jeki, kisha stendi, kisha magogo,
maana upepo wa huku hauamini stendi, na mimi siziamini.
Yu-bolti zilikuwa zimeoana na kutu.
Moto, mafuta, nyundo, matusi ya Kihispania,
mwishowe tusi moja la bibi, la Kimapuche,
na nati ya nne ikalia, ikaachia.

Ekseli ngeni ilikuwa pana kuliko ile kwa vidole vinne.
Nikavikata viti vya springi, nikavisogeza ndani,
nikapima kulia, kushoto, na mshazari,
kwa uzi wa kushonea magunia ya sufu,
mara tatu. Kipimo cha mara moja ni uvumi.

"Chomelea basi," akasema Fermín.
Nikaweka matone mawili tu.
Pua ya difu inapaswa kuitazama gia boksi
kama mbwa anavyomtazama mwenye nyama,
shingo isiinuke mno, isiiname.
Nilikuwa nimekosea digrii tatu.
Matone mawili hung'oka kwa patasi.
Mshono mzima hung'oka kwa machozi.

Springi: majani sita ya zamani, na la saba
nililolikata kwenye lori la Pugh.
Tukapandisha gurudumu moja juu ya pipa
tuone mwili unavyojikunja.
Bomba la breki likakakamaa kama mshipa wa shingo:
limepungua kiganja kimoja.
Heri kulijua hilo bandani.

Siku ya tatu Fermín akashika spana kubwa
akaanza kukaza bolti za bushi, gari likiwa bado juu.
Ndivyo alivyokuwa akikaza kila kitu tangu arudi:
shamba liuzwe kabla ya theluji,
baba ahamie Comodoro, ghorofa ya pili,
nami nitafute — akakosa neno, akasema "maisha".

Nikamshika mkono.
Usikaze bado.
Springi inayoning'inia haijui umbo lake.
Ukiibana sasa, mpira wa bushi utashika umbo la hewani,
na gari likishuka utajisokota, utachanika
polepole, jiwe kwa jiwe,
nawe utailaumu barabara.
Lishushe kwanza. Lipakie. Litikise.

Tukalishusha. Likaguna, likatulia,
kushoto chini kidogo kuliko kulia,
upande aliokalia baba miaka thelathini.
Fermín akaenda kutafuta kipande cha chuma cha kusawazisha.
Baba alikuwa mlangoni na kibuyu chake cha mate.
Akakiweka juu ya boneti, akafungua mlango, akaketi.
Gari likainama zaidi.
Akashika usukani, akatazama mbele, ukutani,
ambako hapakuwa na kitu ila mabati.

"Sasa," akasema.

Tukalala chali, Fermín upande wake, mimi upande wangu,
mchanga wa upepo ukituingia masikioni,
tukakaza, yeye akiwa amekaa juu yetu.

Washa moja ilibaki sakafuni.
Hatukujua imetoka wapi.
Fermín akaitia mfukoni.